Funda la Mashine

Katika ukoo wetu wote, mtu asiyeamini upuuzi ni mimi peke yangu. Sijisifu. Ukiwafahamu wenzangu utaona si kazi ngumu. Mama akipaliwa na chai anataka kujua nani anamsema, na hatulii mpaka ampate. Dada akiwashwa kiganja anaanza kupanga matumizi. Mume wake, shemeji yangu, mtu mzima anayeendesha lori la magurudumu kumi na nane, akirudi ndani kuchukua kitu alichosahau hawezi kutoka tena hivi hivi: lazima akae, avue kiatu kimoja, akivae, ndipo ainuke. Mimi nikijikwaa najua nimejikwaa. Nikiota nageuza mto upande wa pili, nalala.

Shika hilo, twende.

Kazi yangu ni mashine ya kahawa iliyoko chini ya maktaba ya chuo, kwenye korido, kati ya mlango wa choo na mtungi wa kuzimia moto. Unaitia sarafu, unabonyeza kitufe, kikombe cha karatasi kinadondoka, inaguna kama mzee anayeinuka kitini, halafu inakutemea kahawa. Mimi naijaza kahawa ya unga, maziwa ya unga, sukari na vikombe. Namwaga ndoo ya maji machafu iliyo tumboni mwake. Napiga deki. Naingia saa mbili usiku, natoka saa nane, na wakati wa mitihani natoka pale mwanafunzi wa mwisho atakapokubali kwamba kilichobaki hakisomeki.

Kahawa yenyewe ina vitufe sita na ladha moja. Nimewahi kusikia watu wenye shahada wakibishana, mishipa imewatoka shingoni, kuhusu ubora wa kitufe cha tatu dhidi ya kitufe cha tano. Makopo yote mawili nilikuwa nimeyajaza mimi jioni ile ile, kutoka mfuko mmoja.

Mimi niliishia kidato cha nne, kwa matokeo ambayo dada huyaita ya kujitahidi. Chuoni nimeingia kwa mlango wa mizigo. Lakini ni kazi hiyo iliyonitoa kwenye kochi la shemeji. Miaka miwili nililala sebuleni kwake, silali mpaka mpira uishe kwenye televisheni, na naamka kabla hajataka kukaa na chai yake. Nilipopata mshahara wa tatu nikapanga chumba. Kina dirisha moja na kitasa kinachotaka kubembelezwa, lakini ufunguo ni wangu. Nautembeza mfuko wa kushoto, naugusagusa kama mtu mwenye jino linalocheza. Siku shemeji aliponisaidia kubeba godoro alisimama mlangoni akasema, "Kochi hatuliuzi, shemeji. Tutalifunika tu shuka." Nikacheka. Lakini nilimwelewa.

Sasa sikiliza mambo yalivyoanza.

Mashine ile ina tabia yake. Ikishamaliza kumimina inanyamaza kidogo, kisha inasukuma maji ya moto ya mwisho, ya kujisafisha mdomo. Watu walikuwa wakiona imenyamaza wanachomoa kikombe. Yale maji yanamwagika kwenye trei, trei inafurika, korido inakuwa ziwa, na ziwa la nani? Langu. Nikaandika karatasi: TAFADHALI SUBIRI KIDOGO. Nikaibandika usawa wa macho. Hawa ni watu wanaosoma vitabu vinene kama tofali, kurasa mia saba pamoja na yale maandishi madogo ya chini. Maneno matatu yakawashinda.

Usiku mmoja kabla ya mtihani mzito akaja kijana wa mwaka wa kwanza, macho mekundu, amevaa koti kubwa ambalo bila shaka lilikuwa la baba yake. Mashine ikanyamaza. Akanyoosha mkono.

"Usiguse," nikamwambia, nimeegemea mti wa deki.

"Kwa nini?"

"Hesabu mpaka tisa kwanza."

"Kwa nini tisa?"

Swali zuri. Tisa ilinijia tu. Ningesema kumi ingeonekana nimebuni.

"Mwaka juzi kulikuwa na kaka mmoja hapa," nikasema. "Kichwa kweli kweli. Akachomoa kikombe kwenye sita."

"Ikawaje?"

Nilitikisa kichwa polepole, nikaendelea kupiga deki. Mwaka juzi mimi nilikuwa kwenye kochi naangalia dari. Geti la chuo hiki sikujua hata limeelekea wapi.

Yule kijana, Koti tumwite, akahesabu mpaka tisa, kwa sauti. Maji ya mwisho yakaingia kikombeni, trei ikabaki kavu, na mimi nikajiona nimevumbua kitu.

Kumbe Koti alifaulu mtihani ule kuliko darasa zima. Alikuwa amesoma miezi mitatu bila kuinua kichwa, lakini nani anataka sababu ya kuchosha namna hiyo? Ndani ya wiki mbili korido yote ilikuwa inahesabu. Wanafunzi wa sheria wanahesabu kwa sauti nzito kama wanaapishwa. Wa uhandisi wanahesabu huku wakitazama saa. Wa uuguzi wanahesabu wamejishika mshipa wa mkono. Sakafu ilikauka, ungeweza kuanika unga juu yake. Nikaenda kumsimulia shemeji, tukacheka mpaka dada akatoka jikoni kuuliza tumekunywa nini.

"Na wamesoma hao," shemeji akasema, akifuta machozi. Alikuwa anaanza safari na alikuwa amerudi kuchukua miwani, kwa hiyo maneno hayo aliyasema akiwa anavaa kiatu kwa mara ya pili.

Ingeishia hapo ningekuwa mtu wa maana. Lakini jambo likaota miguu. Mtu mmoja akaongeza kwamba kikombe lazima kichukuliwe kwa mkono wa kushoto. Mwingine akaleta habari ya kuigonga mashine ubavuni mara tatu kabla ya kubonyeza. Hayo sikubuni mimi, wamejiongezea wenyewe. Kisha ikaja ile ya mwisho, iliyotaka kunirudisha kwenye kochi: usimalize kahawa yako. Funda la mwisho ni la mashine. Unaliacha kikombeni, unakiweka juu yake, unaondoka bila kugeuka nyuma.

Ndipo akaja mhadhiri wa takwimu, ambaye wanafunzi humwita Wastani kwa sababu kwake hakuna anayepata zaidi ya hapo. Alisimama kwenye foleni nyuma ya binti aliyekuwa akigonga, akamwambia kwa ule upole wao wa kuua:

"Binti, mambo mawili yakitokea pamoja haina maana moja ndilo lililoleta jingine. Nimefundisha hili wiki ya pili."

"Ndiyo, dokta," binti akasema, akamalizia pigo la tatu la kidole.

Wastani akanigeukia mimi. "Unaona watu tunaowafundisha?"

"Naona, dokta. Pole sana."

Hazikupita wiki mbili. Saa saba na nusu usiku, korido tupu, mimi niko chooni nasugua sinki, nikasikia ko, ko, ko. Nikachungulia. Wastani, tai imelegea, kikombe mkono wa kushoto, midomo inatembea. Alikuwa kwenye saba. Tukatazamana. Hakukatiza; akaenda nane, akaenda tisa, akanywa.

"Majaribio," akasema.

"Naam, dokta."

"Huwezi kupinga jambo bila data."

"Kweli kabisa."

"Kesho nina usaili wa kupandishwa cheo," akasema, kama vile nimemuuliza. Akakiweka kikombe juu ya mashine taratibu, kama mtu anayelaza mtoto aliyesumbua, akaondoka. Hakugeuka nyuma. Na cheo akapanda. Sasa baada ya hapo nani atawaambia nini wanafunzi?

Nilicheka siku tatu. Nilikuwa nikifika nyumbani nafungua mlango wangu kwa ufunguo wangu, nakaa kitandani, nacheka peke yangu. Wenye akili zao wanaipigia hodi mashine, na asiyeamini kitu ndiye mwenye deki.

Kilichokikata kicheko ni sisimizi.

Juu ya mashine kuna matundu ya kupitisha hewa. Kikombe cha karatasi kikikaa na kahawa yenye sukari kinalegea, kinavuja, na inakovuja ni ndani. Kwanza wakaja sisimizi, mstari mzima, wametoka dirishani na wanajua wanakokwenda. Halafu mashine ikaanza kuchanganyikiwa. Inamimina kahawa kwanza, kikombe kinadondoka baadaye, kama msafiri aliyeachwa na basi. Unabonyeza chai, unapata maji ya moto na maneno KARIBU TENA. Malalamiko yakapanda juu, Bosi akashuka chini.

Bosi ni msimamizi wa kampuni yenye mashine. Anazo kumi na nne mjini, na kwenye mfuko wa shati, mahali ambapo wenzake huweka kalamu, yeye ameweka bisibisi. Alifungua mlango wa mashine, akaingiza kidole, akakitoa kimevaa uji mweusi. Akakinusa.

"Hapa juu pana baa?"

"Wanafunzi, bosi. Wanaweka vikombe."

"Wanaweka. Na wewe unafanya nini? Unawapangia?"

Siku moja mbili kweli nilikuwa nimewapangia. Vilikuwa vingi, na vikipangwa kwa safu vilipendeza.

Akachomoa kadi ya umeme iliyo ndani, ile inayoiongoza mashine, akaisogeza kwenye taa. "Imeoza. Sasa nisikilize, kijana. Ijumaa ijayo saa tatu asubuhi nakuja hapa. Natoa vikombe kumi mfululizo. Kimoja tu kikimwagika, mashine inahamia hospitali ya kule juu."

"Na mimi?"

"Kule kuna mtu tayari. Wewe utapumzika." Akairudisha kadi, akafunga mlango kwa goti. "Na nikikuta kikombe hapa juu, utapumzika hata vyote kumi vikipita."

Mkono wangu ukaingia mfukoni wenyewe, ukashika ufunguo. Nilikuwa na siku nane.

Nilianza na karatasi: USIWEKE KIKOMBE JUU YA MASHINE. Safari hii walisoma. Wakakubaliana kwamba ni jaribio la kupima nani ana moyo, na vikombe vikaongezeka. Nikatengeneza paa la kadibodi, lenye mteremko mkali, nikalifunga juu ya matundu ili kikombe kikiwekwa kiteleze. Cha kwanza kuteleza kilikuwa cha dada mmoja wa mwaka wa tatu. Alikaa sakafuni pale pale akalia, anasema mashine imemkataa. Wenzake wakamshika huku na huku wakamtoa nje kama mfiwa. Kesho yake nikakuta wanavibandika kwa chingamu.

Jumanne nikaona basi, nitasema kweli. Foleni ilikuwa imefika mlango wa nje. Nikapindua ndoo, nikapanda juu yake.

"Jamani, nisikilizeni kidogo. Habari ya kuhesabu tisa nimeitunga mimi. Hakuna kaka aliyefeli. Nilitaka tu sakafu ikae kavu. Mkiendelea kuweka vikombe hapa juu mashine itaondolewa, na mimi nitakosa kazi. Nawaomba."

Walinitazama kwa huruma.

"Shuka, kaka," mmoja akasema. "Hiyo ndoo itateleza."

Aliyenijibu kwa kina ni Tasnifu. Huyo ni dada wa mwaka wa mwisho, jina amelipata kwa sababu ukimsalimia tu anakueleza tasnifu yake imefika wapi. Alikuwa anaandika kuhusu mila za wanafunzi, na mashine yangu ilikuwa sura yake ya nne. Kila usiku alikaa kwenye ngazi za kupanda ghorofani, ile ngazi ya sita au ya saba ambapo taa imeungua, daftari magotini, akiwahesabu wanaohesabu.

"Umeanza kazi hapa lini?" akaniuliza.

"Natimiza mwezi wa saba huu."

"Nina wasimulizi watatu wanaosema mila hii ina miaka kumi na miwili."

"Dada yangu, mashine yenyewe ina miaka mitatu. Imeandikwa mgongoni."

"Ndiyo maana tunayaita masimulizi."

"Mwulize Koti. Mimi ndiye niliyemwambia ahesabu."

"Nimemwuliza. Anasema aliipokea kwa wakubwa."

Nikamtafuta Koti kwenye foleni. Alikuwa anakagua kiatu chake. Siku hizo alishakuwa mtu mzito pale koridoni, ndiye aliyewafundisha wageni namna ya kugonga, na usingemtegemea aje aseme alidanganywa na mpiga deki.

"Halafu tisa ni namba yenye uzito katika jamii nyingi," Tasnifu akaendelea, sauti laini. "Hukuweza kuiokota tu njiani."

"Niliiokota kwa sababu kumi ingeonekana nimebuni."

"Umesoma mpaka wapi, kaka?"

"Kidato cha nne."

"Ah," akasema.

Ah yenyewe ilikuwa fupi, lakini ilinivua shati. Akaandika. Kusoma mwandiko uliopinduka nilijifunza shuleni, kwa mwenzangu wa meza tuliyokaa tukielekeana, na ndicho kipaji pekee nilichoondoka nacho. Nikasoma: Mhudumu wa mashine anadai ndiye mwanzilishi. Huenda anatafuta sifa. Chanzo: hakiaminiki.

Nimedanganya watu wengi, na karibu wote waliniamini. Siku niliyosema kweli, tena juu ya ndoo, mbele ya watu wote wale, nikaandikwa hivyo kwa wino wa bluu. Nilirudi nyumbani nimenuna hata kitasa hakikubembelezwa, nilikivuta tu.

Alhamisi usiku nikabandika MASHINE INATENGENEZWA. Ilikuwa wiki ya mitihani, ghorofa ya juu ya maktaba haifungwi, wanafunzi wamelala kule na vitabu mashavuni. Waliteremka kwa zamu, wakasoma karatasi, wakapanda tena kama watu waliokosa dawa. Ilipofika saa nane korido ilikuwa yangu.

Niliifungua mashine yote. Niliosha mipira, nikasugua mdomo, nikamtoa sisimizi wa mwisho kwa ncha ya kijiti cha masikio. Ile kadi niliikausha kwa mashine ya dada ya kukaushia nywele, niliyoiazima kwa kudai nimelowa na mvua. Nikarudisha kila kitu mahali pake, nikaanza kuijaribu. Kikombe cha kwanza safi, cha pili safi. Cha tatu kahawa ikatangulia, ikamwagika yote.

Nikakausha tena. Safari hii nikafika sita. Nikakausha tena, na mara hii hata cha pili hakikufika.

Ilikuwa imeshapita saa tisa. Mikono inanuka maziwa ya unga, trei imejaa, na vikombe vya kujaribia vinakwisha. Nikakaa juu ya ndoo nikaliona kochi. Nikaiona ile shuka yenye maua, na miguu yangu inavyoning'inia upande wa mlango. Nikamsikia dada akiniambia sogea kidogo mgeni akae. Nikamsikia shemeji asivyosema kitu.

Sehemu inayofuata nitaieleza kwa ufupi.

Nilisimama. Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia. Juu sikuangalia. Nikajiambia kwamba huwezi kupinga jambo bila data. Basi nikaigonga ubavuni mara tatu, polepole, na kuna neno moja nilisema ambalo halina umuhimu. Nikabonyeza. Kikombe kikashuka, kahawa ikafuata, kwa mpangilio wake. Nikahesabu mpaka tisa, halafu nikahesabu tena kwa sababu ya kwanza nilihisi niliruka nne. Nikachukua kwa mkono wa kushoto. Nikanywa, na ilikuwa mbaya kama siku zote. Funda la mwisho nikalibakiza, nikainua kadibodi, nikakisukuma kikombe nyuma kabisa, mbali na matundu.

Kisha nikatoa vikombe kumi. Vyote kumi vilikuja safi, hata tone halikugusa trei.

Nikapiga deki, nikazima taa. Kile cha juu nilikikumbuka nikiwa nimeshafika mlangoni. Nikasimama hapo kidogo. Nikaona kikombe kimoja kina ubaya gani, tena kimejificha, na kwenda kukitoa sasa hivi wakati mambo yametulia ni kujitafutia. Nikaenda kulala.

Saa tatu asubuhi Bosi alifika na karatasi yake. Habari ilikuwa imeenea, korido imejaa. Wastani yupo na cheo chake kipya, Koti yupo na koti lake, Tasnifu yuko kwenye ngazi yake, macho yamemvimba kama mtu aliyelalia meza. Bosi akabonyeza. Mashine ilipomaliza ikanyamaza, naye akanyoosha mkono.

"Tisa," korido nzima ikasema.

Bosi akaurudisha mkono. Akangoja. Kikombe cha kwanza kikatoka safi. Cha pili, cha tatu. Kwenye cha saba watu waliacha kupumua. Cha kumi alikishika akakizungusha kwenye mwanga, akatafuta tone chini yake, hakuliona.

"Kadi hii ilikuwa imekufa," akasema.

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya watu walioniambia nishuke kwenye ndoo.

"Niliikausha, bosi," nikasema, sauti nimeitoa ifike mpaka ngazini. "Ni ufundi tu. Hawa ndugu zetu wana mambo yao ya kugonga na kuhesabu, wasomi hawa, siwalaumu. Mimi nimeishia kidato cha nne, lakini mashine naitengeneza kwa akili."

Mtu mmoja akakohoa. Bosi alikuwa ameshatoa kalamu asaini karatasi kwamba mashine inabaki, akaiona kadibodi yangu. Akainua. Akaingiza mkono mpaka begani. Ulipotoka ulikuwa na kikombe, na ndani yake funda moja, juu limefanya ngozi.

"Na hiki?"

Ufunguo ulikuwa tayari kiganjani mwangu, mle mle mfukoni.

"Si nilikwambia, bosi? Wanafunzi hawa. Nimebandika karatasi, nimeweka paa, nimepanda mpaka juu ya ndoo kuwaomba. Hawasikii. Mtu anasoma miaka minne halafu anaenda kuilisha mashine kahawa yake yenyewe. Mimi nikimjua aliyekiweka hiki nitakuletea mwenyewe, nimemshika shati."

"Ninamjua," Tasnifu akasema.

Akashuka ngazi mbili, akafungua daftari, akasoma kwa sauti ile ya kuwasilisha mbele ya wahadhiri.

"Ijumaa, saa tisa na dakika kumi na mbili usiku. Mhudumu wa mashine, peke yake. Ameangalia kushoto na kulia. Amegonga mara tatu. Ameiita mashine mama, jambo ambalo halijarekodiwa hapo awali. Amehesabu mpaka tisa, kisha akarudia. Amechukua kwa mkono wa kushoto, ingawa deki hupiga kwa wa kulia. Funda la mwisho ameliweka nyuma, chini ya kadibodi." Akafunua ukurasa. "Amelia kidogo."

"Ilikuwa mvuke," nikasema.

Akaandika mvuke.

"Na chanzo?" Wastani akauliza kutoka kwenye foleni. Mtu wa takwimu hawezi kujizuia.

"Kinaaminika," Tasnifu akasema.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Walinitazama kwa heshima, kama mwenzao. Koti akanipa ishara ya kichwa.

Bosi alikitazama kikombe, akanitazama mimi, akaitazama mashine aliyokuwa ameizika tangu wiki iliyopita. Nilingoja aseme nipumzike. Badala yake akainua kadibodi kwa vidole viwili, akakirudisha kikombe nyuma kabisa pale alipokitoa, akahakikisha kimesimama vizuri.

"Mkono gani, umesema?" akamwuliza Tasnifu.

"Wa kushoto."

Bosi akahamisha kalamu, akasaini. Saini ilitoka kama njia ya sisimizi. Akanipa nakala yangu bila kunitazama usoni, akaondoka, na mimi nikamwona kwa macho yangu: hakugeuka nyuma.

Nikavuta pumzi. Mashine inabaki, chumba kinabaki. Nikawageukia ili angalau niseme jambo moja la kuwachekesha, waone kwamba yote yalikuwa mzaha. Lakini Tasnifu alikuwa hajafunga daftari. Alikuwa anautazama mfuko wangu, ule wa kushoto, ambamo mkono ulikuwa tangu Bosi alipoingia.

"Na humo," akauliza, kalamu tayari, "unashika nini?"